Stelingi wa Lori la Maji

Mama mkwe wangu alijua kuendesha gari kabla hajajua kuzungumza lugha ya nchi hii. Alikuja akiwa msichana, anatokea ng'ambo ya mpaka, amekaa juu ya mizigo nyuma ya lori la vyuma chakavu, anamfuata baba yake. Nchi wakati ule ilikuwa changa mno. Wimbo wa taifa ulikuwa haujawakaa watu kichwani. Ubeti wa kwanza waliuimba kwa vifua vyote, wa pili wakanong'ona mpaka wafike pale wanapopajua. Waliokuwa wakitawala walikuwa wamefunga virago na kuondoka na mafundi wao, na magari ya baraza la mji yakawa yanakufa moja moja. Serikali ikatangaza hadi nchi za jirani: fundi yeyote wa magari na aje, atapewa kazi na chumba. Baba yake alikuwa fundi wa magari. Akaja.

Chumba chenyewe kilikuwa ndani ya ua wa karakana ya baraza, ukuta kwa ukuta na stoo ya matairi. Huko ndiko mama mkwe alikokulia mara ya pili, kama anavyosema mwenyewe. Mchana alimshikia baba yake taa chini ya injini. Jioni, wafanyakazi wakishaondoka, mzee alimkabidhi ufunguo wa gari lililotengenezwa siku hiyo alizungushe uani na kusikiliza kama bado lina kelele.

"Masikio yangu yamekwisha kwa nyundo," mzee alimwambia. "Wewe sikiliza kwa niaba yangu."

Akauzunguka ua ule mpaka ua ukachoka. Madereva wakaanza kumwita Stelingi, kwa kuwa kila walipomkuta alikuwa ameshika stelingi, yaani usukani. Na pia, nadhani, kwa sababu alitembea kama stelingi wa sinema, yule ambaye hauawi hata apigwe na nani.

Leseni hakuwa nayo. Alipokwenda kuomba aliambiwa kwamba leseni ni za wanaume, tena wanaume raia.

"Basi nimekosa mara mbili," akasema, akarudi zake nyumbani.

Mmoja wa madereva wale akamwoa. Ndiye baba mkwe wangu, mtu mrefu, mpole, maneno machache, miguu mikubwa. Wakahamia mtaa wa nyuma ya karakana, chumba na sebule, mlango ukitazamana na mlango wa mshonaji mmoja ambaye mkubwa kwa mdogo walimwita Fundi. Fundi alikuwa mwanamke mjane mwenye binti mmoja, hodari wa kushona na hodari zaidi wa kusema. Akiwa anashona alisema kushinda kelele za cherehani, na akiacha kushona sauti haikupungua.

Mzee wa karakana, baba yake, akafariki. Mume wangu akazaliwa. Na mtoto alipokuwa ndiyo kwanza anasimama dede, vita vikaja, na vilikuwa vita na nchi ile ile aliyotoka mama mkwe.

Hakuna aliyemtukana siku ya kwanza. Alichokiona ni kwamba mazungumzo yalikatika akipita. Mwanamke aliyekuwa akiazima ungo kwake aliurudisha bila kusema asante, na hakuja tena kuazima. Serikali ikachukua malori yote mazima ya baraza pamoja na madereva wake, baba mkwe akiwemo. Aliondoka asubuhi nyuma ya usukani wa lori alilozoea kubebea taka, sasa limepakwa rangi ya majani makavu.

"Nitunzie mtoto," alimwambia mkewe dirishani.

"Na wewe tunza klachi," akajibu, maana hakutaka kulia mbele za watu.

Ikatoka amri kwamba watu wa ng'ambo waripoti polisi kila Jumatatu. Akawa anakwenda na mtoto mgongoni, anasimama kwenye mstari, anarudi. Fundi hakuwa na siri. Alikaa mlangoni pake akasema kwa sauti ya kufika: "Huyo ana kaka zake kule. Ndege zikija, msiniulize nani kazielekeza."

Ndege zikaja. Hazikuelekezwa na mtu. Zilifuata mto, zikaipiga nyumba ya pampu, zikaenda zao. Bomba za mji mzima zikakohoa hewa, zikatema kutu, zikanyamaza.

Anayefungua bomba na maji yakatoka hawezi kujua mji usio na maji unavyonuka. Mto ulikuwa bondeni na mji ulikuwa juu, na juu kabisa, mwisho wa mteremko mkali, ndiyo ilikuwa hospitali. Wanawake walipanda na ndoo vichwani toka asubuhi, na walichofikisha kilikuwa nusu ya walichoteka. Ndipo siku moja Sista, muuguzi mkuu wa hospitali, akashuka mtaani kwa miguu. Gauni lake jeupe lilikuwa limegeuka rangi ya barabara. Akasimama katikati ya wanawake waliokuwa wakipumzika na ndoo zao.

"Wodi ya wazazi imekauka," alisema. "Watoto wanazaliwa, hatuna cha kuwaoshea. Nani ana mkokoteni? Nani ana punda? Chochote chenye magurudumu, jamani, siulizi kinafananaje."

Watu wakatazamana. Mama mkwe alikuwa amesimama nyuma kabisa, mahali alipozoea kusimama siku hizo.

"Karakanani kuna lori la maji," akasema.

Ni kweli lilikuwepo. Enzi za wale walioondoka, lori hilo lilipita mbele yao kumwagilia barabara ili vumbi lisiwaingie puani. Lina tangi zima, na nyuma bomba refu lenye matundu. Toka waondoke lilipandishwa juu ya matofali, na kuku wa mlinzi wakahamia. Jeshi lilikuja likalitazama, likacheka, likaliacha.

Fundi akadakia. "Na nani atakayeliendesha? Wewe?"

"Mimi."

"Utupelekee maji yetu wapi? Kwenu?"

Mama mkwe hakupandisha sauti. "Fundi, binti yako amelazwa wodi gani?"

Watu wote walijua. Binti yule alikuwa na mimba ya kwanza, miguu imemvimba, madaktari wamemkataza kutoka kitandani. Fundi akafungua kinywa, na kwa mara ya kwanza tangu mtaa ule ujengwe hakikutoka kitu. Kisha akasema polepole, "Ya wazazi."

"Basi huko ndiko ninakoyapeleka."

Sista alikwenda mwenyewe kwa mlinzi wa karakana. Mlinzi akaanza kueleza kwamba hana ruhusa, akatazama uso wa Sista, akakumbuka kwamba funguo zilikuwa mfukoni muda wote. Wanawake wakawatoa kuku. Mama mkwe akavua kanga ya juu, akavaa ovaroli ya marehemu baba yake, akaingia chini ya lile lori na taa ya mkono, safari hii hakuna wa kumshikia. Plagi alizisugua kwa msasa. Rejeta ilikuwa inavuja, akaiziba. Betri ilikwisha kufa na kuzikwa, kwa hiyo lori likawa la kuwashwa kwa kuzungushwa chuma mbele, na chuma hicho kikivunja mkono kinavunja kweli. Breki za mguu zilikuwepo kwa jina tu.

"Litasimamaje?" Sista aliuliza.

"Kwa gia. Na kwa maombi yako."

Matairi ndiyo yalikuwa msiba. Jeshi lilichukua yote mazima, na yaliyobaki yalikuwa yamepasuka unaweza kupitisha ngumi. Alikuwa amekaa chini anayatazama Fundi alipoingia uani, cherehani yake nzito kichwani mwa mwanamke mwingine, yeye mwenyewe amebeba turubai.

"Niambie unataka kiraka cha namna gani," akasema, bila salamu.

Mama mkwe akamwonyesha: tabaka juu ya tabaka, kishonwe kigumu kama soli ya kiatu, kikae kati ya tairi na mpira wa ndani. Fundi akashona. Sindano zikakatika, akatia nyingine. "Nimeshona suti za mabwana harusi," alikuwa akilalamika, "nimeshona mapazia ya bwana mkubwa. Leo navalisha tairi!" Lakini hakuondoka mpaka likaisha la mwisho. Hawakuzungumza juu ya kaka wala ndege. Wakati wa kuondoka, Fundi alimwachia mtoto kipande cha mkate, akasema mtoto amekonda, nani anamlisha mtoto huyu? Kwa Fundi, hiyo ilikuwa ndiyo samahani.

Lori likawaka asubuhi, likatoa moshi mweusi uliojaza ua, likatetemeka, likatulia. Wanawake wakapiga vigelegele mpaka mlinzi akaziba masikio. Bondeni wakajipanga toka ukingoni mpaka kwenye tangi, ndoo inapita mkono kwa mkono, wakijibizana nyimbo na matusi ya utani. Tangi lilipojaa, mama mkwe akatia gia ya kwanza na kuupanda mteremko polepole, watu wakitembea pembeni na mawe mikononi tayari kuzuia magurudumu. Sista alikuwa amesimama kwenye lango la hospitali, mikono kifuani. Maji yalipoanza kumwagika kwenye mapipa ya wodi, alinawa uso mbele ya watu wote, akacheka kama msichana.

Tangu siku hiyo lori lilipanda na kushuka kila siku ya Mungu. Jumatatu mama mkwe alilisimamisha mbele ya kituo cha polisi, injini ikiwaka kwa sababu kuiwasha ni kazi, akaingia kuripoti, akatoka, akaendelea. Akawa pia anawaachia polisi maji ya kunywa. Sajini wa kituo, mzee mwenye masharubu yaliyokwisha kuwa meupe, alikuwa akimsindikiza hadi mlangoni na kumwambia, "Tuonane Jumatatu, mama," kana kwamba ni ahadi ya ndugu.

Kisha ikaja amri nyingine. Watu wa ng'ambo wasiripoti tena. Wakusanywe wote, wapelekwe kambini, wawe chini ya ulinzi wa silaha mpaka vita viishe.

Sajini alikuja mtaani na gari na askari. Habari zilimtangulia. Alikuta lori la maji limesimama njiani, mama mkwe ndani, mikono juu ya usukani, na mbele ya lori wanawake wa mtaa wote wamekaa chini barabarani na ndoo zao. Aliyekaa mbele kabisa, mikasi shingoni, alikuwa Fundi.

"Mama, naomba mpishe," Sajini alisema. "Ni amri."

"Hatuna ugomvi na amri," Fundi akajibu. "Mchukue. Lakini kwanza niambie, kesho wewe utakuja saa ngapi kuleta maji?"

"Mimi si dereva."

"Basi atakayemgusa aje hapa kwanza nimpime sanda. Nashona bure."

Watu wakacheka, hata askari mmoja. Sajini hakucheka. Alivua kofia, akajipangusa jasho. Mama mkwe anasema alichokuwa akifikiri ni mtoto tu, atamwachia nani. Kisha Sajini akavaa kofia yake tena, akauliza kwa sauti ya kituoni:

"Amri inasema mtu wa ng'ambo awe chini ya ulinzi wa silaha. Ndivyo?"

"Ndivyo, Sajini," askari wakajibu.

"Mimi nina silaha. Ndivyo?"

"Ndivyo, Sajini."

Akalizunguka lile lori, akafungua mlango wa abiria, akapanda na bunduki yake, akakaa. "Mtu huyu yuko chini ya ulinzi," akatangaza dirishani. "Mama, washa gari, watu wana kiu."

Mama mkwe akamtazama. "Haliwashwi kutoka ndani, Sajini. Lazima mtu ashuke akazungushe chuma."

Sajini akashuka, akazungusha chuma.

Hivyo ndivyo mfungwa na mlinzi wake walivyofanya kazi pamoja mpaka vita vikaisha. Mwanzo Sajini alikaa wima, bunduki magotini. Baada ya muda bunduki ilikaa nyuma ya kiti na yeye akawa anavuta mpira wa maji, suruali imekunjwa, anawagombeza watu wasisukumane kwenye mapipa.

Siku ambayo mtaa wetu unaisimulia kuliko nyingine ni ile ambayo Fundi alipanda nyuma ya lori, juu kando ya tangi, na kapu la vitu vya uzazi: vitambaa, mkasi mpya, miche ya sabuni. Binti yake alikuwa ameshikwa na uchungu. Walikuwa katikati ya mteremko, tangi limejaa, waliposikia ndege.

"Simama!" Sajini alipiga kelele. "Simama tushuke tulale chini!"

"Halina breki!" mama mkwe akamjibu kwa kelele. "Nikisimama hapa litarudi nyuma na sisi, na bonde lote lile!"

Akakanyaga mafuta. Ndege ikapita juu yao ikimwaga risasi barabarani; vumbi likaruka mbele ya kioo mstari mzima, na nyuma wakasikia tangi linalia kama sufuria iliyopigwa mawe. Ikageuka, ikapita tena, ikaenda. Mama mkwe hakuwa amepigwa. Sajini alikuwa amepoteza kofia tu. Akatoa kichwa dirishani akiogopa atakachokiona kule nyuma.

Alichokiona ni Fundi amelala kifudifudi juu ya tangi, miguu inaning'inia, maji yanaruka kwenye matundu pande zote, na yeye anatafuna sabuni kwa meno, anaichanganya na vitambaa, anakandika tundu moja hadi jingine.

"Shikilia stelingi, wewe!" akamfokea mama mkwe kutoka juu. "Usinitazame! Endesha!"

Sajini akatoka dirishani, mzee yule, akapanda juu naye. Palipokosa kitambaa alichana shati lake la kazi. Wakaingia lango la hospitali lori linavuja kama chujio, Sajini kifua wazi, Fundi povu la sabuni mdomoni kama mtu mwenye kifafa, na tangi likiwa bado na maji kupita nusu. Sista alisema baadaye kwamba alikimbilia machela tatu kabla hajaelewa kwamba wote wanacheka.

Mjukuu wa Fundi, mtoto wa kike, alizaliwa kabla maji hayajaisha kushushwa. Aliogeshwa na bibi yake kwa mabaki ya mche ule ule wa sabuni. Fundi akamtoa hadi mlangoni, amemfunika vizuri, akamweka mikononi mwa mama mkwe aliyekuwa bado na mafuta ya gari mpaka viwikoni.

"Mikono yangu michafu, Fundi."

"Nani kakuuliza? Mpokee mtoto."

Vita vilikwisha, na nchi hii ikashinda. Mabomba yakatengenezwa, na siku maji yaliporudi watu waliacha bomba wazi wasikilize tu. Baba mkwe akarudi, mzima wa kichwa na moyo, lakini mguu wa kushoto umekaza gotini; klachi hatakanyaga tena. Alisimama mlangoni akamkuta mkewe ndani ya ovaroli.

"Nimesikia mambo," akasema.

"Mengine ni ya kweli," akajibu, na safari hii alilia, mbele za watu, bila kujali.

Kwenye gwaride la ushindi walipita wanajeshi, wakapita vifaru, na mwisho kabisa likapita lori la kumwagilia, viraka vya chuma ubavuni, Sajini kwenye ngazi, Fundi juu na mjukuu wake. Baba mkwe alikaa kiti cha abiria akimwelekeza mkewe: punguza mwendo, kata kona taratibu.

"Bwana," mkewe akamwambia, "ukitaka kutembea kwa miguu, sema nikushushe."

Wanawake wa mji mzima walikuwa wamejipanga kando ya barabara, wanapiga ndoo, masinia na mabeseni. Kelele zile zilifunika beni ya jeshi. Kufika mbele ya jukwaa la wakubwa, mama mkwe akavuta chuma cha kufungulia lile bomba la nyuma lenye matundu, ambacho hakikuwa kimevutwa tangu nchi ipate bendera yake, na maji yakafunguka kama mkia wa tausi, yakamwagika juu ya vumbi na viatu vya wakubwa. Mwenyekiti wa baraza aliruka. Kisha akaanza kupiga makofi, suruali imelowa mpaka magotini. Wiki iliyofuata ndiye aliyempa leseni kwa mkono wake na kumwajiri karakanani, dereva wa baraza, mshahara sawa na wanaume.

Kilichobaki kilikuwa uraia. Sheria ilitaka kila mwombaji ahojiwe na ofisa mbele ya watu, kisha ale kiapo. Siku hiyo ukumbi ulijaa hata madirishani. Ofisa aliyetumwa alikuwa kijana kutoka makao makuu, mgeni wa mji, nguo zimepigwa pasi hata unaogopa kumgusa. Hakujua lolote. Mama mkwe alisimama mbele yake na gauni jipya ambalo Fundi alilishona kwa hasira kwa sababu mwenye gauni alikataa mabega yenye marinda. Ofisa akauliza jina, akauliza mahali alipozaliwa. Akajibu bila kuficha. Kijana akapandisha miwani, akauliza kama karatasi yake ilivyomtaka:

"Je, uko tayari kuitumikia nchi hii, hata ikiwa katika hatari?"

Kisha Sista, ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akikosa adabu, akaangua kicheko. Sajini akafuata. Ukumbi wote ukapasuka, watu wanapiga mapaja, Fundi anajifuta machozi kwa ncha ya kanga na kupiga kelele, "Muulize tena! Muulize tena, hakusikia!" Ofisa masikini akawa anatazama huku na huku, anadhani amevaa shati kinyume.

Mama mkwe peke yake hakucheka. Alingoja watu wanyamaze. Alikuwa amelala macho siku nyingi akisubiri kuulizwa swali hilo, na hakutaka lipite kwa mzaha. Akanyoosha mkono wake wa kulia, ule wenye kovu la chuma cha kuwashia, akasema kwa lugha ya nchi hii, na kwa ile lafudhi ya ng'ambo ambayo haijamtoka hadi leo:

"Niko tayari, mwanangu. Andika."